Dhahabu ya Lumbridge Haiivishi Ugali Yamumbi

Kuna uongo unaozunguka hapa Yamumbi na nimechoka kuusikia. Unasema hivi: kijana asiye na kazi, mwenye simu ya kawaida na bando kidogo, anaweza kuingia kwenye gemu ya mtandaoni leo, akusanye pesa za humo ndani, aziuze, na mwisho wa mwezi alipe nyumba. Unasemwa kwa kibanda cha PlayStation. Unasemwa stejini tukingoja matatu ya tao. Unasemwa na watu wazima wenye ndevu zao. Na ukifuatilia vizuri utakuta chanzo chake ni mtu mmoja: yule anayenunua hiyo pesa kwa vijana kwa bei ya kutupa, kisha anawauzia wachezaji wa Ulaya na Marekani kwa bei ya maana. Mimi namwita dalali, kwa sababu ndilo jina lake hata kwenye mahindi.

Niseme mapema nimesimama wapi, nisije nikadhaniwa ni mhubiri. Mimi ni mchezaji. Natengeneza simu mchana, na usiku nacheza Old School RuneScape, na nimeicheza kwa simu tangu ilipofika kwenye simu Oktoba 2018. Sina ugomvi na gemu. Ninachosema ni hiki: pesa anayoitafuta mgeni ndani ya gemu ni pesa nzuri sana, mradi ibaki ndani ya gemu. Ikivuka mlango tu, inageuka kuwa ujira mbaya kuliko kibarua chochote utakachopata Uasin Gishu nzima.

Kwa wale hawajawahi kuingia, ngoja niwaeleze mgeni anavyotafuta riziki humo. Unaanzia mji unaoitwa Lumbridge. Huna kitu. Umepewa upanga wa kitoto na shoka la kukatia kuni. Karibu na mji kuna boma la ng'ombe. Unaua ng'ombe, unaokota ngozi. Begi lako lina nafasi 28 tu, likijaa unatembea hadi benki iliyo juu ghorofani kwenye ngome, unaweka, unarudi. Ukishapata ngozi za kutosha unazipeleka sokoni Varrock, kwenye jengo linaloitwa Grand Exchange, ambako wachezaji wote duniani wananunua na kuuza. Kama si ngozi, ni manyoya ya kuku. Kama si manyoya, ni madini ya chuma, au kamba wakubwa unaowavua kisiwani Karamja baada ya kulipa nauli ya meli.

Sasa jiulize, nani ananunua ngozi ya ng'ombe? Ni wakubwa. Mchezaji aliyekaa humo miaka anataka ngozi ili ashone mavazi na kupandisha ujuzi wake, lakini hana tena moyo wa kusimama bomani kama mchunga. Anakulipa wewe mgeni ili asisimame yeye. Hapo ndipo uzuri ulipo. Bila mwalimu na bila kitabu, mtoto wa miaka 16 anajifunza kwamba bei haitoki kwa ugumu wa kazi, inatoka kwa mtu mwingine kutotaka kuifanya. Anajifunza kwamba Jumamosi, watu wakiwa wengi sokoni, bei hubadilika. Anajifunza kutouza kwa pupa. Haya ni mambo ambayo mkulima wa hapa kwetu huyajua kwa maumivu: gunia la mahindi la kilo 90 likitoka shambani Novemba si gunia lile lile la Mei, na tofauti hiyo huliwa na mwenye stoo.

Mpaka hapo, hakuna aliyeumia. Sasa dalali anaingia na kusema, "Bro, kwa nini ulale na hizo pesa zote? Nikutolee M-Pesa."

Hebu tupige hesabu pamoja, polepole.

Mgeni asiyelipia uanachama, akijituma, tumkadirie kwa ukarimu vipande 100,000 vya dhahabu kwa saa. Wengi hawafiki hapo, lakini tumpe. Maana yake milioni moja inamchukua saa 10. Kwenye soko la magendo, milioni moja ya dhahabu hiyo kwa miaka ya karibuni imekuwa ikiuzwa chini ya nusu dola ya Marekani. Dola ni kama shilingi 130. Kwa hiyo saa 10 za kijana wetu ni chini ya shilingi 65. Na hiyo ni bei ya mnunuzi wa mwisho kule ng'ambo. Dalali hajakata chake, bando hujalipia, na simu umechajia stima ya mamako.

Shilingi 65. Saa 10. Mtu wa mjengo hapa Yamumbi, anayebeba kokoto siku nzima akirudi jioni na vumbi kwenye kope, hatakubali hata mara kumi ya hiyo bila kunung'unika. Mama mboga akiuza fungu chache za sukuma ameshakupita kabla ya saa nne asubuhi. Halafu mtu ananiangalia machoni ananiambia hii ni ajira ya kidijitali.

"Lakini mbona wengine wametoka?" Nalisikia hilo swali kila siku, na linastahili jibu la kweli. Ndiyo, wapo waliokula kwa pesa hii. Mwaka 2001 mtaalamu wa uchumi wa Marekani, Edward Castronova, alichunguza Norrath, ulimwengu wa gemu ya EverQuest, akakuta saa moja ya mchezaji humo ilikuwa na thamani ya dola 3.42. Hiyo ilikuwa hela. Lakini ilikuwa mwanzo, kabla ulimwengu mzima haujaja kuchimba shimo lile lile.

Kisha wakaja Wachina, kwa maelfu, wakicheza kwa zamu kwenye vyumba vilivyojaa kompyuta. Bei ikashuka. Mwaka 2011 gazeti la Guardian la Uingereza liliandika habari za wafungwa katika kambi ya kazi kule Jixi, kaskazini mashariki mwa China, waliokuwa wakivunja mawe mchana, na usiku wakilazimishwa kucheza gemu ili walinzi wauze dhahabu yao. Tafakari hilo kidogo. Unapoingia kwenye soko hili, mtu unayeshindana naye bei ni mfungwa. Na baada ya mfungwa ikaja programu inayocheza yenyewe usiku kucha, haili wala hailali. Wewe na bando lako la usiku utaishinda vipi?

Wavenezuela ndio mfano ambao dalali anaupenda zaidi, kwa sababu ni wa gemu hii hii yangu. Ni kweli kwamba kuanzia kama 2017, sarafu yao ilipokuwa inayeyuka mikononi, Wavenezuela wengi waliingia RuneScape kuua majoka ya kijani na kuuza dhahabu, na vidola vichache vilinunua chakula cha nyumba. Lakini angalia ilihitaji nini: nchi nzima ianguke ndipo ujira huo uonekane mkubwa. Shilingi yetu ina matatizo yake, lakini haijafika huko, na tusiombe ifike. Halafu dalali hakuambii sehemu ya pili. Wachezaji wengine, walioshiba, waliandika mwongozo wa jinsi ya kuwawinda hao Wavenezuela penye majoka na kuwaua, hatua kwa hatua, kama mchezo ndani ya mchezo. Mtu anatafuta unga, mwenzake anamwinda kwa raha. Hiyo ndiyo nafasi tunayoambiwa vijana wetu wakaijaze.

Na kama unadhani tatizo ni gemu ya zamani, na kwamba hizi mpya za kutumia sarafu za kripto ni afadhali, muulize Mfilipino. Mwaka 2021 Axie Infinity, gemu ya kampuni ya Vietnam, ilikuwa wimbo wa kila mtaa kule. Watu waliacha kazi. Wasio na mtaji wa kuingilia waliazimwa vijinyama vya kuchezea na mabwana waliochukua sehemu ya mapato, na jina walilopewa lilikuwa zuri kabisa: wanafunzi wenye ufadhili. Ile sarafu waliyokuwa wakilipwa, kufikia katikati ya 2022 ilikuwa haifiki senti moja ya dola. Machi mwaka huo huo, wezi wa mtandaoni walikuwa wameingia kwenye mfumo wake wakabeba zaidi ya dola milioni 600. Aliyeingia mwishoni ndiye aliyewalipa walioingia mwanzoni. Hapa kwetu tuna jina la hicho kitu, na wazazi wetu wanalikumbuka: DECI, iliyoanguka 2007 na pesa za Wakenya wengi mno.

Dalali wa Eldoret ni mjanja lakini, na ana hoja moja inayouma kuipinga. Anasema: "Hapa ni Eldoret, buda. Watu walicheka kukimbia pia. Angalia Kipchoge." Na kweli, katika mji huu ni vigumu kumwambia mtoto kwamba mchezo haulipi. Mashamba na majumba tunayoyaona yamejengwa kwa miguu ya watu.

Basi tulinganishe sawasawa. Mkimbiaji ana jina lake kifuani. Ana meneja mwenye mkataba, ana chama cha riadha cha kulalamikia hata kama hakisikii, na kuna watu wanaolipa ili wamtazame. Eliud Kipchoge alipokimbia Vienna kwa saa 1:59:40 Oktoba 2019, dunia nzima iliangalia. Muuza dhahabu ya gemu hana mtazamaji hata mmoja. Kazi yake inatakiwa isionekane, kwa sababu imekatazwa na kanuni alizobofya kukubali siku ya kwanza. Kampuni ikimgundua inafunga akaunti, na saa zake zote zinaenda nayo. Dalali akimruka, ataenda kituo gani cha polisi? Ataandika nini kwenye kitabu cha malalamiko, kwamba aliuza ngozi 9,000 za ng'ombe ambao hawajawahi kuwepo?

Namjua kijana hapa jirani yangu, amemaliza fomu four juzi, aliyekusanya dhahabu wiki nne nzima. Alimkabidhi mtu humo ndani ya gemu akiambiwa pesa zitaingia jioni. Jioni hiyo haijafika mpaka leo. Namba haipatikani. Nimekaa naye, nimemwangalia akifungua na kufunga meseji za M-Pesa kana kwamba moja imejificha. Sitakubali mtu aniambie huyo ni mvivu. Huyo alifanya kazi saa nyingi kuliko karani yeyote.

Wapo watakaosema hizo si pesa za kweli, kwa hiyo hakuna aliyeibiwa. Hao nao wamekosea. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Uholanzi iliamua kesi ya mvulana aliyepigwa na kutishwa na wenzake hadi akawaachia hirizi na barakoa yake ya RuneScape. Mahakama ikasema ule ni wizi, kwa sababu vitu vile vilikuwa na thamani kwake, alivipata kwa muda na juhudi. Nakubaliana nao kabisa. Jasho la humo ni jasho. Ndiyo maana nakasirika likiuzwa kwa bei ya maji. Lakini usijidanganye kwamba hukumu hiyo inakulinda dhidi ya kampuni yenyewe. Kwa kampuni, kila kitu ulicho nacho umekopeshwa tu.

Na sisi Wakenya hatuna kisingizio cha kutojua hali hii. Machi 2024 mtandao wa Remotasks uliondoka Kenya, na watu waliokuwa wakiutegemea wakaamka wakakuta mlango umefungwa. Hapa Eldoret tumeona akaunti za kuandikia wanafunzi wa ng'ambo zikiuzwa na kukodishwa kama mashamba. Tunajua maana ya kula kwa akaunti ambayo mtu mwingine ana ufunguo wake. Tunajua, halafu bado tunawaelekeza wadogo wetu huko huko.

Kwa nini? Nadhani kosa si la dalali peke yake, na hapa nitawaudhi wakubwa wangu. Ni hili swali letu moja, "inalipa?" Mtoto akichora: inalipa? Akiimba: inalipa? Akicheza gemu: hiyo inakulipa nini? Tumechagua serikali kwa neno hasla, tukaanzishiwa mfuko wa mkopo wenye jina hilo Novemba 2022, na sasa hata saa ya kupumzika lazima itoe risiti. Mama, baba, mwalimu, mchungaji, mkimuuliza kijana swali hilo mara mia, siku moja atakuja mtu mwenye jibu. Atasema, "Ndiyo mama, inalipa," na kijana atamkumbatia kama mkombozi, kwa sababu hatimaye amepata ruhusa ya kucheza. Dalali anaingia kwa mlango tulioufungua sisi.

Mbona hatuwaulizi wazee wanaocheza draft chini ya mti kama inalipa? Mbona mechi ya Jumapili uwanjani hatuitoi hesabu? Mtu ana haki ya saa mbili za furaha isiyo na faida. Saa mbili, si kumi. Mtu anayecheza saa kumi mara nyingi hafurahii tena. Yuko kazini na hajaambiwa.

Sasa niwageukie wenzangu wa upande wa pili, nyinyi mlio na mshahara kidogo, mnaonunua. Msijione watakatifu. Mgeni anaingia leo, kesho ametuma pesa kwa dalali, keshokutwa amevaa silaha za kutisha asizojua kuzitumia. Anakufa nazo kule Nyikani, eneo ambako wachezaji huuana, anazipoteza, ananunua tena. Huyo hakununua utajiri. Amelipa ili asicheze sehemu nzuri kuliko zote, ile ambayo sarafu 500 ni mali na kofia ya chuma inakutoa machozi ya furaha. Na kila anaponunua, anamwajiri yule kijana wa shilingi 65. Bila mnunuzi dalali hana kazi.

Kama kweli umeingia juzi na huna kitu, sikiliza ushauri wa mtu wa karibu. Anza na ngozi, manyoya, samaki, madini. Chochote ambacho wakubwa wanakihitaji na hawataki kukiokota. Tazama bei sokoni kabla hujauza, usikimbilie wa kwanza. Ukiona akaunti yako mpya imezuiwa kuuza baadhi ya vitu, vumilia. Wamezuia kwa sababu ya zile programu zinazojichezea, na ukiendelea kucheza utafunguliwa. Mtu akisimama hapo Grand Exchange akitangaza kwamba ukimpa sarafu atakurudishia mara mbili, mpite. Atakurudishia kidogo mara ya kwanza ili umpe zote mara ya pili. Biashara ya kununua rahisi na kuuza ghali iache kwanza, inataka mtaji na subira. Na uanachama wa kulipia kwa dhahabu, kupitia kile wanachokiita Bond, upo na ni halali, lakini mmoja unagharimu zaidi ya milioni 10 kwa siku 14. Kwa kasi ya mgeni hizo ni saa 100 na zaidi. Usiufanye lengo lako la kwanza, utajigeuza punda bure.

Na kama unatafuta riziki, ndugu yangu, hilo ni jambo jingine na si la aibu. Njoo karakana nikufundishe kubadilisha kioo cha simu. Kioo kimoja kinakulipa kuliko wiki nzima ya ng'ombe wa Lumbridge, na mteja anakuja kwa miguu yake, unamjua sura. Nenda mjengo, nenda sokoni Langas, jiunge na chuo cha ufundi ukiweza. Nayajua majibu yako: mjengo umejaa, chuo ni karo, soko ni mtaji. Ni kweli yote. Kazi hakuna, na waliotuahidi kazi wanapaswa kuulizwa kila siku, kwa sauti. Lakini ukosefu wa kazi haufanyi shilingi 65 kuwa mshahara. Unamfanya tu anayekulipa shilingi 65 aonekane mfadhili.

Dalali akija kwako wiki hii, mpe hesabu ile ile: saa ngapi, milioni ngapi, shilingi ngapi, na nani ananidai nikifungiwa. Aijibu mbele ya wenzako, pale pale kibandani.